Waya wa Kurudi

Kazi iliyonilea ni umeme wa magari, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeifanyia Kigamboni, ambako gari la foo-wili si pambo. Ukitoka Feri, ukapita Mjimwema na Kibada ukielekea Kimbiji, unakutana na mchanga, vumbi la kiangazi na madimbwi ya masika, ndiyo maana gereji zetu hazikosi Land Cruiser, Prado, Hilux, Jimny na Land Rover zilizozeeka kazini. Magari hayo yamenifundisha jambo ambalo nimelishikilia kuliko mengine yote ya ufundi huu: taa ya nyuma ijengwe kwa ajili ya mtu anayefuata, na ujenzi huo uanzie kwenye waya wa kurudi, yaani ule wa hasi ambao gereji tunauita ethi, kabla ya balbu na kioo. Taa ya mbele ikififia, mwenye gari huja kesho yake asubuhi kwa sababu yeye ndiye asiyeona njia. Taa ya nyuma inaweza kufa na dereva akaendelea na safari zake kwa amani, kwa kuwa hasara haimpati yeye kwanza, inampata wa bodaboda aliye nyuma yake. Kwa hiyo fundi ndiye anayepaswa kumsemea mtu huyo ambaye hayupo gereji na hatalipa bili.

Chukua balbu ya kawaida ya nyuma, ile ya volti 12 yenye nyuzi mbili ndani: mmoja wa wati 21 kwa ajili ya breki, mwingine wa wati 5 kwa ajili ya taa ndogo. Nyuzi hizi zina njia zake tofauti za kupokea umeme, lakini zinarudishia umeme mahali pamoja, kwenye kitako cha balbu, kisha holda, kisha ethi. Ethi ikikatika, umeme wa breki hautulii. Unapita kwenye uzi mdogo kinyumenyume, unapanda waya wa taa ndogo, unasambaa hadi taa za upande wa pili, taa ndogo za mbele na taa za dashibodi, na huko ndiko unakopata njia ya kurudi betri. Ndipo dereva anapokanyaga breki na dashibodi ikawaka mchana kweupe, au indiketa ikipepesa huku taa ndogo nayo ikipepesa pamoja nayo. Wengi wakiona hivyo hununua balbu mpya, wengine hubadilisha swichi ya breki, na vyote viwili vilikuwa vizima. Ethi ambayo haijakatika bali imedhoofika ina hatari zaidi, kwa sababu taa bado inawaka na kila mtu anaridhika. Balbu ya uzi ikikosa asilimia 10 ya volti zake, hupoteza takribani asilimia 30 ya mwanga, na volti mbili zikipotelea njiani kati ya 12, mwanga unaobaki ni kama nusu. Gari la namna hiyo lina taa za breki zinazowaka, ila mchana wa jua kali aliye nyuma hatambui kwamba limekanyagiwa breki.

Pwani yetu inaharakisha uharibifu huo. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na magari yanayovuka kwa pantoni au yanayoshuka ufukweni kupakia samaki huipata chumvi hiyo hadi uvunguni. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu nyeusi hunywa unyevu, na ukiuchuna unakuta shaba imegeuka kijani au nyeusi sentimita kadhaa ndani ya plastiki. Land Rover ya zamani ina tatizo lake la kuzaliwa. Tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe, na ethi iliyotegemea mguso huo hufa polepole. Toyota bodi yake ni ya chuma, lakini kwake adui ni rangi: gari likishanyooshwa na kupigwa rangi upya, boliti ya ethi hurudishwa juu ya rangi mbichi, na rangi haipitishi umeme.

Kuna mafundi ninaowaheshimu wanaonipinga hapa. Wanasema watengenezaji wenyewe wametumia bodi kama njia ya kurudi kwa miaka mingi, na magari hayo yametembea nusu karne. Ni kweli, na gari likiwa jipya sina ugomvi na utaratibu huo, maana kiwandani sehemu ya ethi ilisafishwa, ikabanwa na kufunikwa vizuri. Gari linalofika kwetu halipo tena katika hali hiyo. Limebadilishwa bampa, limechomelewa, limevutishiwa waya wa trela, pengine limerefushwa kwa ajili ya watalii na waya zake kuungwa katikati. Ndiyo maana natoa waya mmoja wa milimita 2.5 za mraba kutoka kila taa ya nyuma hadi kwenye chesisi iliyopigwa msasa ikang'aa, na kutoka kwenye chesisi hiyo hadi hasi ya betri nahakikisha njia ni safi. Hesabu yake ni rahisi: breki wati 21, indiketa 21, rivasi 21 na taa ndogo 5 ni karibu ampea 6 kwa upande mmoja, na trela likifungwa mzigo huo unaongezeka. Maungio nayalehemu, nayavika mpira unaobana kwa joto, na rangi za waya naziheshimu: Toyota ethi ni nyeupe yenye mstari mweusi, Land Rover za Kiingereza ni nyeusi. Anayezichanganya anamwachia fundi mwenzake fumbo.

Waya safi hausaidii kama taa imewekwa pasipoonekana. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na watengenezaji wengi zinataka taa ndogo na za breki ziwe kati ya milimita 350 na 1,500 kutoka ardhini, na taa ndogo isiingie ndani zaidi ya milimita 400 kutoka ubavuni. Vipimo hivi vina sababu. Taa mbili zilizo mbali mbali zinamwezesha aliye nyuma kukadiria umbali usiku, na zikisogezwa katikati, gari lililo karibu huonekana kama liko mbali. Ukomo wa chini upo kwa sababu ya matope na vumbi, na gari lenye mgongo wa wima huvuta vumbi nyuma yake na kulipaka kwenye taa. Hapo mtu ataniuliza: mbona Jimny ya mwaka 2018 ina taa zake kwenye bampa? Mlango wake wa nyuma unafunguka na umebeba tairi la akiba, na taa hazipaswi kupotea mlango ukiwa wazi, kwa hiyo kiwanda kiliziweka kwenye sehemu isiyofunguka. Mantiki hiyo naikubali. Ninachopinga ni kung'oa bampa hilo, kuweka la chuma zito, na kubandika taa ndogo za duara mahali popote palipobaki, chini ya tairi la akiba au nyuma ya ngazi ya keria. Atakayebadilisha bampa aipandishe taa kwenye kona ya bodi isiyofunguka, na aweke na riflekta, kwa sababu riflekta hufanya kazi hata fyuzi ikiungua.

Hoja inayosikika sana siku hizi ni kwamba taa za LED zimemaliza mjadala wote, kwa kuwa zinakula umeme kidogo. Zinakula kidogo kweli, na taa kamili ya LED iliyotengenezwa kama taa nzima ni kifaa kizuri. Balbu ya LED inayochomekwa kwenye taa iliyoundwa kwa ajili ya uzi ni jambo jingine: kioo na kiakisi vilipangwa kwa nukta moja ya mwanga, hivyo mwanga hutoka na mabaka, mara nyingine tofauti kati ya taa ndogo na breki haionekani. Indiketa nayo huanza kupepesa haraka, kwa sababu rilei inadhani balbu imeungua. Na ethi mbovu haiponi kwa LED. Huenda ikajificha zaidi, kwa kuwa mzigo mdogo hautoi dalili mapema. Kama mtu ana fedha ya kuongeza kitu, ningemshauri aongeze taa ya tatu ya breki, ile ya katikati juu. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo kuanzia modeli za 1986 na kwa pikapu na foo-wili kuanzia modeli za 1994, na utathmini wa serikali yao ulikuta imepunguza kugongwa kwa nyuma kwa asilimia 4.3 kwa muda mrefu. Asilimia hiyo inasikika ndogo mpaka uikumbuke barabara moja yenye magari mengi, na tangu Daraja la Nyerere lenye mita 680 lilipofunguliwa Aprili 2016, Kigamboni tuna barabara kama hizo.

Mwisho kuna hoja ya gharama, na mteja ana haki ya kuitoa. Waya, lehemu na saa za kazi ni fedha, na taa ilikuwa inawaka alipokuja. Jibu langu nimeliweka kwenye kipimo. Nawasha taa zote za nyuma kwa pamoja, breki ikiwa imekanyagwa, kisha naweka mkono mmoja wa mita kwenye kitako cha balbu na mwingine kwenye hasi ya betri. Njia nzuri husoma karibu na sufuri, chini ya robo ya volti. Ikisoma volti moja au mbili, mteja anaiona namba mwenyewe, na hapo tunazungumza bei. Kipimo hiki kifanywe taa zikiwa na mzigo, kwa sababu waya uliobaki nyuzi mbili tatu za shaba hupita jaribio la testa na kushindwa ampea zikipanda. Ningependa vijana wanaotoka chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe na wale tunaowafundisha wenyewe chini ya mwembe wakichukue kipimo hiki kama sharti la kukabidhi gari: hakuna foo-wili inayotoka gereji kwa kuwa taa inawaka tu, inatoka kwa kuwa namba ya ethi imesomwa na kuandikwa kwenye risiti.