Kabla ya Kutupa Ndoana Katika Mto wa Ugenini

Usilolijua, walisema wahenga, ni kama usiku wa giza. Methali hii yamfaa sana mvuvi anayetaka kutupa ndoana katika mto ambao hajapata kuukanyaga. Leo, ndugu msomaji, tuutazame mto mmoja ulio mbali nasi, Salmon River, katika jimbo la New York, Marekani. Huenda unaye ndugu mjini Syracuse, ambako wamehamia watu wengi wasemao Kiswahili kutoka Kongo na Burundi. Kutoka huko hadi Pulaski, mji mdogo ulio kando ya mto huo, ni mwendo usiofika saa moja kwa gari.

SAMAKI WAGENI

Mto huu hushuka kutoka nyanda za Tug Hill na kumwaga maji yake katika Ziwa Ontario. Samoni wa asili wa ziwa hilo walitoweka katika karne ya 19 kwa sababu ya mabwawa, ukataji wa misitu na uvuvi wa kupindukia. Wanaovuliwa leo, hasa Chinook na coho, asili yao ni Bahari ya Pasifiki. Walipandwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1960, ili wale samaki wadogo waliokuwa wamezidi na kufa kwa makundi ufukoni. Sisi tuijuayo habari ya sangara katika Ziwa Victoria twafahamu kwamba kumhamisha samaki si jambo dogo.

CHAGUA WAKATI

Samoni hawa hukulia ziwani, kisha hupanda mtoni kutaga mayai, na baada ya hapo hufa. Msafara wao huanza Septemba, na kwa kawaida hushamiri kati ya mwisho wa mwezi huo na katikati ya Oktoba, majani ya miti yanapopukutika. Chinook mwenye uzito wa karibu kilo 22 alivuliwa humu mwaka 1991. Hata hivyo, samoni akiisha kuingia mtoni huacha kula. Usitegemee njaa yake. Tegemea subira yako.

MAJI HAYANA URAFIKI

Juu ya kijiji cha Altmar lipo bwawa la umeme la Lighthouse Hill. Maji yakifunguliwa, mto huweza kupanda ghafla na kumkata mvuvi aliyesimama katikati. Basi kila asubuhi uliza kiasi cha maji kinachotazamiwa siku hiyo. Taarifa hizo hutangazwa. Mawe ya mto huu yanateleza mno, hivyo vaa viatu vyenye misumari midogo chini, shika mkongojo, na ukivaa suruali ya mpira ifikayo kifuani, funga mkanda kiunoni ili isijae maji ukianguka. Ukiona maji yanapanda, toka mara moja. Samaki atakuwapo kesho. Baba wa watoto hana badala yake.

FUATA SHERIA

Kila aliyetimiza miaka 16 ni lazima awe na leseni, na mgeni aweza kukata hata ya siku moja. Kuvua samoni usiku ni marufuku. Samaki aliyenaswa mgongoni au mkiani, wala si mdomoni, hurudishwa majini papo hapo. Ziko kilomita 19 hivi za mto ambapo umma una haki ya kuvua. Kwingineko omba ruhusa kwa mwenye shamba.

KABLA YA KUPIKA

Hapa akina mama wasikilize kwa makini. Ziwa Ontario lilichafuliwa kwa miaka mingi na kemikali za viwandani, ambazo hujikusanya katika mafuta ya samaki. Idara ya Afya ya jimbo hutoa ushauri juu ya kiasi cha kula, na huwa mkali zaidi kwa wanawake wanaoweza kuzaa na kwa watoto. Usome kabla ya kuwasha jiko, kisha uondoe ngozi na mafuta.

Siku ya kwanza acha mwanzi wako nyumbani. Tembea kando ya mto, watazame wenyeji wanaposimama, uwaulize. Wapeleke watoto Altmar kwenye kituo cha kuzalishia samaki, kilichojengwa mwaka 1980, wakawaone samoni wakipanda ngazi ya maji. Siku ya pili, utakapoingia mtoni, giza litakuwa limepungua.