Jiwe la Januari

Nimelea watoto kwa ganeti. Mawe yalichimbwa Bonde la Umba, huko mpakani na Kenya, yakanifikia Ngamiani, mjini Tanga, yamefungwa kwenye vijikaratasi. Umba ina yakuti samawi pia, ila mtaji wangu ulinifikisha kwenye ganeti, nami nikatulia hapo.

Fundi aliyenifunza kazi alianza na macho kabla ya mikono. Tanzanaiti ya Mirerani, alisema, nyingi hutoka ardhini ikiwa kahawia, ikapikwa kwenye joto la nyuzi 500 hadi 600 ikawa buluu. Yakuti nayo hupikwa. Ganeti haipikwi: ukinunua mbovu, umeumia. Kwa hiyo tulinunua asubuhi, kando ya dirisha, kisha tukalirudia jiwe chini ya balbu, maana Umba hutoa ganeti chache zenye rangi ya buluu-kijani mchana na zambarau kwenye taa.

Madalali walipenda kuita ganeti nyekundu yakuti. Tulichungulia kwa kibomba cha kupimia: yakuti nyekundu huonyesha rangi mbili, ganeti moja tu. Ganeti iliyokolea rangi sana tuliikata nyembamba, kwani ikiwa nene humeza mwanga wote ikaonekana nyeusi.

Miaka ya 1960 wanunuzi wa Umba walitaka rodolaiti, ganeti ya waridi na zambarau. Zilizoelekea rangi ya machungwa zilikataliwa, wachimbaji wakazibandika jina la malaya. Baadaye soko la Marekani likazipenda, bei ikapanda, na jina likabaki.

Wageni waliniulizia ganeti kama kito cha Januari, kwa kufuata orodha ya miezi iliyopangwa na masonara wa Marekani mwaka 1912. Wazee wa Tanga hawakuwa na habari ya miezi. Wao walitaka akiki kwenye pete ya fedha, wakitumai baraka. Sikumbishia yeyote, wala baraka sikuitia kwenye bei. Nilieleza rangi, uzito na ugumu, kisha nikawaonya: ganeti haizidi sana ugumu wa mchanga wa ufukweni, hivyo pete ivuliwe kabla ya kusugua sufuria.

Kijana akija kutaka kazi hii, namkabidhi ganeti kwanza. Haina moto wa kumfichia uchaguzi wake.