Tuchungue Kabla ya Kulaumu

Sisi tufundishao watoto chuoni tumezoea kutafuta mafunzo hata katika vitu visivyodhaniwa kuwa na fundisho. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya modemu, chombo kilichounganisha kompyuta za majumbani na waya wa simu, hasa huko Marekani katika miaka ya 1980.

Kazi yake ilikuwa kugeuza khabari za kompyuta ziwe milio, na upande wa pili kuigeuza milio iwe khabari tena. Modemu nyingi za mwanzo zilipitisha biti 300 kwa sekunde, yaani kama herufi 30 tu. Kwa baadhi yake, mkonga wa simu ulilazwa juu ya vikombe viwili vya mpira. Na kelele za chumbani zikipenya, herufi zisizo na maana zilijitokeza kiooni.

Mawasiliano yalipoharibika, ilikuwa rahisi kudhani kuwa chombo kimekufa, kumbe kizima. Kila herufi ikionekana mara mbili, ni kwa kuwa kompyuta ya nyumbani na ile ya mbali zote mbili zilikuwa zikiionyesha. Isipoonekana kabisa, huenda kila moja yaingojea mwenziwe. Na mazungumzo yakikatika ghafula, pengine mtu ameinua simu ya chumba cha pili iliyo katika waya ule ule, naye hana khabari ya lolote.

Lililotustaajabisha zaidi ni hili. Katika kanuni iliyoitwa Bell 103, iliyotoka mwaka 1962, mpigaji alikuwa na milio yake na mwenye kujibu alikuwa na yake. Modemu mbili zikiwekwa zote upande wa mpigaji, hazikusikizana hata waya ukiwa safi. Je, haya hayamo majumbani mwetu? Mume asema, mke asema, hapana asikiaye. Kisha kila mmoja adai kuwa ila ni ya mwenziwe.

Mwenye busara katika kutengeneza vyombo hivyo alitazama waya, kisha mkonga, kisha mipango ya kompyuta, akibadilisha jambo moja moja. Aliyebadilisha mengi kwa pamoja hakujua lipi lililoponya.

Sura ya Hujurat yatuamrisha kuihakikisha khabari tuletewayo, na yatuonya na dhana. Basi, enyi wazazi, kitu kikiharibika nyumbani tuulize kwanza, kwa upole, kabla ya kuinua fimbo. Nanyi vijana, msimtuhumu ndugu kwa kuwa tu alikuwa karibu. Chombo kilichoharibika hutengenezwa. Lakini moyo wa mtoto aliyeadhibiwa kwa asilolitenda hauponi upesi, na siku ya Kiyama tutaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira na uadilifu. Amin.