Kimevunjika au Kimevunjwa?

Mnazi wenyewe umo uani kwa jirani, ila kichwa chake kimeinamia kwetu, kama ilivyo minazi mingi ya huku Sahare iliyokulia katika upepo wa bahari. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiegesha gari chini ya kivuli chake bila kuomba ruhusa wala kutoa shukrani. Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, upepo wa kusi ukivuma, nilikuwa nimejilaza baada ya sala ya adhuhuri niliposikia kishindo, kisha kimya. Kile kimya cha watu wengi walionyamaza kwa pamoja.

Nilipotoka nilikuta kioo cha mbele kimepasuka mfano wa utando wa buibui, kutoka ukingo hadi ukingo, na boneti imebonyea. Jirani yangu, mzee wa rika la marehemu baba, alikuwa kasimama penye ua ameshika fimbo yake. Mkwezi bado alikuwa juu, ameukumbatia mti, hatazami chini.

“Pole sana, Mwalimu,” akasema mzee. “Kioo kimevunjika.”

“Shikamoo, Mzee. Kimevunjwa.”

“Marahaba,” akajibu, nami nikaona uso wake ukifunga.

Wapenzi wa lugha mtakuwa mmekwisha kuuona ugomvi ulipolala. Kati ya yeye na mimi palikuwa na viambishi viwili tu, kile cha kutendeka na kile cha kutendwa. Kwa kusema kimevunjika, mzee alikieleza kioo na hali yake, basi. Hapana mkono uliotajwa wala unaotafutwa. Kwa kusema kimevunjwa, mimi nilifungua mlango aingie mtendaji, hata kama sikumtaja. Wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka tofauti ya kauli hizi ina faida gani katika maisha. Sikuwahi kuwapa jibu zuri, na siku ile nililipata kwa gharama.

Tena palikuwa na lile neno pole. Nimesikia kwamba kwingine watu hulitumia kuomba msamaha. Huku kwetu pole humwendea aliyefikwa, na husemwa na yeyote, hata mpita njia asiyehusika. Mimi nilikuwa nikingoja samahani, au bora zaidi, niwie radhi. Mzee alinipa pole mara tatu, kwa moyo safi naamini, na kila aliponipa nilizidi kuona kama ananisukumia msiba wangu nibaki nao peke yangu.

“Nazi imeanguka, Mwalimu. Ni upepo huu.”

“Mzee, hilo ni dafu.”

Nililiokota nikamwonyesha, bichi, zito, kikonyo chake kimekatwa kwa panga. Na hapa naomba radhi kwa kutoka kidogo njiani, maana katika hasira ile nilijikuta nikiushangaa utajiri wa lugha yetu. Mnazi huanza na upunga, kisha kidaka, kisha kitale, likaja dafu, likafuata koroma, ndipo nazi. Kidaka huweza kuanguka chenyewe. Nazi iliyokauka nayo huanguka yenyewe, na mwenye akili hapiti chini yake. Lakini dafu lenye afya hung'ang'ania kole lake mpaka likatwe au lisokotwe. Kwa hiyo aliyesema nazi na aliyesema dafu hawakuwa wakitaja tunda tu. Mmoja alikuwa akisema ni kadari, na mwenzake akisema ni panga.

Tuliachana vibaya. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, si kwa kuwa yalikuwa matusi, bali kwa kuwa yalikuwa ya adabu yote na baridi yote.

Zikapita siku kumi na tisa bila salamu. Nilipotoka asubuhi, mzee alikuwa akikumbuka jambo ndani ya nyumba. Alipoketi barazani jioni, mimi nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Kilichotusumbua zaidi kilikuwa sahani. Sahani ya bibi wa nyumba ile, ya udongo, yenye maua ya buluu, ilikuwa jikoni kwetu tangu wiki ya kabla ya mkasa, ilipokuja na bada na mchuzi wa samaki. Mke wangu hakujua la kufanya nayo. Kuirudisha tupu ni kutangaza vita. Kuirudisha na kitu ni kana kwamba hatukudhulumiwa. Ikakaa kabatini, na kila tulipofungua kabati ikatutazama.

Kioo na ufundi wake vilihitaji shilingi 240,000. Bima yangu ni ile ndogo, inayomlinda mtu nitakayemgonga barabarani. Mimi na kioo changu haitujui. Mwenzangu mmoja kazini alinishauri niende polisi, nikamkumbusha kwamba hapana jinai hapa, ni madai. Mwingine akataja Baraza la Kata. Hilo lilikuwa na maana zaidi, kwa sababu sheria iliyoyaanzisha mabaraza hayo mwaka 1985 inayapa kwanza kazi ya kupatanisha. Lakini mke wangu aliniuliza swali moja tu: “Ukishinda huko, utarudi kulala wapi?”

Hivyo nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akaona shauri lisifike mbali. Akatuita jioni, si ofisini kwake, bali penye baraza la mzee mwenyewe. Nililifikiria sana neno hili wakati natembea hatua zile ishirini. Baraza ni kile kibao cha udongo na chokaa mbele ya nyumba, wanapoketi watu kuzungumza na kunywa kahawa. Baraza pia ni chombo cha kukata mashauri. Nadhani waliolitoa neno katika maana ya kwanza wakalipeleka katika ya pili walijua walifanyalo.

Mwenyekiti ni mtu wa mzaha na msomaji. Alianza kwa kutuambia kwamba Karama wa Kusadikika alijitetea kwa habari za wajumbe sita, lakini yeye jioni ile hakuwa na nafasi ya hata mjumbe mmoja, kwa hiyo tuseme kwa ufupi. Mzee akacheka kidogo. Kwao ni Machui, karibu na Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na kutajwa kwa kitabu chochote cha mtu yule humlainisha.

Mzee akasema ya kwake: kioo kimevunjika, nazi imeanguka, upepo. Nikasema ya kwangu: kioo kimevunjwa, dafu limekatwa, panga. Tukawa kama watu wawili wanaosoma kurasa mbili za kitabu kimoja cha sarufi. Ndipo mwenyekiti akamgeukia mkwezi, kijana aliyekuwa kachuchumaa chini ya ngazi, mtu anayelipwa kwa idadi ya minazi anayokwea.

Kijana alisimama. “Nimeliangusha mimi,” akasema. “Nilikuwa naliangua, likaniponyoka. Niwieni radhi, wazee wangu.”

Angua, anguka, angusha. Mzizi mmoja. Kuangua ndiyo kazi yake, kuanguka ndilo neno mzee alilolikimbilia, na kuangusha ndilo lililotokea. Naye, ambaye miongoni mwetu ndiye aliyekuwa na kidogo kabisa cha kulipia, alilichukua neno lile akalitia kiambishi cha nafsi yake mbele. Mzee aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Laiti habari ingeishia hapo ningetoka msafi kiasi. Lakini mzee, baada ya kimya, akauliza kwa upole: “Mwalimu, asubuhi ile sikumtuma mjukuu kwako?”

Alimtuma. Nikakumbuka papo hapo. Mtoto alibisha hodi saa mbili, akasema: “Shikamoo. Babu anasema leo tunakwea.” Nami nikamjibu, “Marahaba, mwambie ahsante,” nikadhani mzee ananiarifu kwamba madafu yapo, nisiende kununua sokoni.

Kumbe alikuwa akiniambia niondoe gari.

Mzee asingeweza kulisema hilo waziwazi. Kumwamuru jirani aondoe mali yake, tena kwa kinywa cha mtoto, kwake ni ufidhuli. Alinipa habari, akaniachia heshima ya kuikamilisha mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyosemeshana watu wa mwambao huu kwa muda mrefu: unaambiwa nusu, na nusu ya pili ni ushahidi kwamba umelelewa. Mimi ninayefundisha mafumbo darasani nilifumbiwa jambo jepesi kuliko yote, nikalipokea kama ahadi ya madafu.

“Mzee, nimekosa,” nikasema. “Niwie radhi.”

“Nami niwie radhi, Mwalimu,” akasema. “Ningekuja mwenyewe.”

Yaliyobaki yalikuwa hesabu. Mzee alisema atalipa zote, nikakataa. Tukakubaliana nusu kwa nusu, zake kwa mafungu mawili, na mkwezi asidaiwe hata senti. Mwenyekiti aliyaandika katika daftari la shule, tukatia saini wote, kijana naye akiwa shahidi. Boneti sikuinyoosha, nilisema gharama imezidi, na hiyo ni kweli kwa kiasi fulani. Kesho yake mke wangu aliirudisha sahani ikiwa na mkate wa kumimina, na saa moja baadaye ikarudi kwetu ina samaki wa kukaanga, kwa hiyo sasa iko tena kabatini.

Mwezi wa Septemba msimu wa kuangua ukafika tena. Asubuhi mjukuu yule akabisha hodi, akasimama mlangoni mikono nyuma, kama anayekariri somo.

“Shikamoo, Mwalimu. Babu anasema uondoe gari.”

Nilichukua ufunguo nikatoka mara moja. Mzee alikuwa kasimama penye ua, akanipungia mkono kwa furaha. Nami nikapunga, nikarudisha gari nyuma hadi barabarani, huku nikiona haya kwamba ilimbidi aniambie hivyo.