Tone Chini ya Gari, Kilifi Hadi Malindi

Msafiri atokaye kusini kupitia Kilifi kwenda Malindi hangojei tena feri; daraja lililofunguliwa mwaka wa 1991 humvusha mkono wa bahari kwa dakika chache tu. Mbele yake zipo kilomita 60 hivi za lami: Matsangoni, msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha Gede, penye magofu yaliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka wa 2024.

Msomaji mwenye gari kuukuu, ukifika Gede egesha kivulini uchungulie uvunguni. Maji matupu, yasiyo na rangi wala harufu, yakidondoka chini ya abiria wa mbele, ni jasho la kiyoyozi. Kwa joto la pwani si ajabu. Ya kijani yenye utelezi hutoka kwenye rejeta. Nyeusi na nzito ni oili ya injini.

La kutisha ni majimaji mepesi ya manjano karibu na gurudumu. Hayo huenda ni mafuta ya breki. Chumvi ya upepo wa bahari hula mabomba ya chuma polepole. Pedali ikizama, usiseme Malindi i karibu, ita fundi.

Usipojua yanatoka wapi, futa uvungu, utandike boksi usiku kucha. Kumbuka, upepo wa mwendo husukuma oili nyuma. Chanzo aghalabu ki mbele na juu ya palipolowa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa breki, huenda asibaki hata wa kujenga.