Shubiri Mbili kutoka kwenye Udi

Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huenda kwa saa mbili hivi, na muda wote huo begi sikulishusha mapajani. Ndani mlikuwa na maikrofoni nne, nyaya, hedifoni na mashine ndogo ya kurekodi inayotumia betri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka bahari, na mara ya kwanza kurekodi nje ya studio. Studio niliyojifunzia kuta zake zimebandikwa sponji; uweke maiki popote utakapo, chumba kinanyamaza. Kwa hiyo nilidhani kazi yote imo kwenye begi.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mpiga udi wa Mji Mkongwe. Alitaka kikundi chake cha taarab kirekodiwe wakiwa bado wote wapo: udi, kanuni, fidla, akodioni, dumbak na bibi mmoja mwimbaji. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," akanitangulia ghorofani.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba. Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiendi mbali. Pale inapoishia ndipo upana wa chumba unapoishia. Nikapiga kofi moja. Sauti ikapapatika baina ya kuta mbili kama njiwa aliyenaswa ndani, ndipo ikafa. Kofi lile lilikuwa limeshaniambia kila kitu, nami sikulisikiliza.

Nilipanga kama nilivyozoea. Maiki moja kwa mwimbaji, moja kwa udi, nyingine kwa kanuni na fidla, zote karibu kabisa. Ya udi niliielekeza kwenye tundu lake, vidole vinne tu kutoka kwenye ubao. Sasa, maiki zinazosikia mbele zaidi kuliko nyuma zina tabia moja: ukizisogeza mno, hunenepesha sauti za chini. Na tundu la udi ndipo tumbo lote linapopumulia. Wakapiga wimbo mmoja. Mzee akavaa hedifoni, akasikiliza ameinamisha kichwa, akazivua taratibu.

"Mwanangu, hii ngoma. Udi wangu u wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniashiria nikae mkekani, mbele yake, kidogo upande wa shingo ya udi. Hapo, alisema, ndipo wanafunzi wake wanapokaa wakati wa kufundishwa. Akapiga. Nikafumba macho, nikaziba sikio moja, maana maiki moja ni sikio moja, nikaanza kusogeza kichwa polepole. Mbele ya tundu sauti ilikuwa nzito, imejaa mvumo. Mbele ya mkono wa kulia nilisikia mkwaruzo wa kipigio peke yake. Lakini pale shingo inapoungana na tumbo, shubiri mbili kutoka kwenye nyuzi, vyote viwili vilikutana: mguso wa nyuzi na joto la ubao. Nilifungua macho nikashika stendi.

Ndipo nikamkumbuka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja. Alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, miaka mitatu tu baada ya makampuni ya santuri kuanza kuacha pembe ya kukusanyia sauti na kutumia maikrofoni. Enzi za pembe, mwenye sauti ndogo alisogezwa mbele na mwenye kelele akarudishwa nyuma. Wizani wote ulipimwa kwa miguu ya watu. Maikrofoni ilipokuja haikuifuta hekima hiyo, na naamini hadi leo hakuna kitufe kinachofanya kazi yake.

Basi tuliwapanga watu upya. Maiki mbili za kondensa nikazitia kwenye stendi moja, vichwa vyake vimeachana sentimita 17 na kutazama pande mbili kwa pembe ya nyuzi 110, kama walivyobuni mafundi wa redio ya Ufaransa. Hizo zikawa masikio mawili ya chumba. Kanuni ikakaa mbele kwa kuwa nyuzi zake ni nyingi lakini hazina nguvu, fidla ubavuni mwake, akodioni ikageuzwa mshazari, dumbak kule nyuma karibu na mlango. Jirani akaleta magodoro mawili, tukayaegemeza ukutani. Nikapiga kofi tena. Njiwa alikuwa ametoka.

Bibi nilimpa maiki ya SM58, muundo uliotoka mwaka 1966, ambao wengi huudharau kwa kuwa upo kila ukumbi wa harusi. Wenyewe hauchukui mambo ya mbali kwa pupa, na mle ndani hiyo ilikuwa sifa. Nilimweka shubiri moja kutoka kwenye maiki yake, na maiki nyingine yoyote isiwe karibu naye chini ya shubiri tatu. Sauti moja ikiingia kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti kidogo na kwa nguvu zinazokaribiana, ukizichanganya zinakulana, na mwimbaji anasikika kama anaimba ndani ya bomba.

Maiki ya nne, ile ya bei kubwa kuliko zote, ndiyo niliyoiweka kwenye udi. Haikupita nusu saa ikaanza kutatarika kama mafuta kikaangoni. Kondensa hushika chaji ya umeme nyuma ya utando mwembamba sana, na unyevu wa pwani huivujisha. Niliifunga kwenye mfuko pamoja na vile vifuko vya kunyonya maji vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, nikaweka mahali pake maiki ya akiba ya kikundi, dainamiki isiyotegemea chaji hiyo, yenye wavu uliobonyea. Palepale, shubiri mbili.

Tulizima pangaboi. Tulingoja adhana ya alasiri, wanaume wakaenda msikitini, wakarudi. Kisha wakapiga bila kusimama, jasho likiwatiririka, na kwenye hedifoni nikasikia bibi akivuta pumzi kabla ya kila ubeti.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema neno juu ya udi wake. Alimpa hedifoni mpiga fidla, akaenda dirishani, akarudi na kipande cha chaki.

"Piga alama kila mguu wa stendi, na kila kiti. Kesho tunaanzia hapahapa."