Kasanga na Barua ya Uhamisho

Sisi wa Mwimbi ni watu wa uwandani. Tunalima mahindi, maharage na ulezi, na baridi ya mwezi wa sita tumeizoea. Lakini migebuka na dagaa tunaokula hutoka chini, Kasanga, mji mdogo wa pwani ya Ziwa Tanganyika ulio jirani na mpaka wa Zambia.

Maji ya pwani ile si ya chumvi, lakini mambo yake ni ya pwani: gati, forodha, wapagazi, na watu waliokalia mizigo yao wakingoja meli. Wajerumani waliuita mji huo Bismarckburg. Meli yenyewe, Liemba, ni yao pia: iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Kwa miaka mingi ilitoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, na Kasanga ndicho kilikuwa kituo chake cha mwisho upande wetu.

Mpaka wenyewe ulikubaliwa Ulaya mwaka 1890, kati ya Wajerumani na Waingereza. Walungu hawakuulizwa. Wakajikuta wengine huku na wengine ng'ambo ya mto Kalambo, lakini harusi na misiba yao haikugawanyika. Mtu wa Kasanga akisema anakwenda kwa shangazi, humjui kama anakwenda nchi nyingine.

Haya nayasema leo kwa urahisi. Katika miaka ya themanini, nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja ya uwandani, mama mmoja alinijia na mwanawe wa miaka kama kumi. Walikuwa wameshuka Kasanga kutoka Mpulungu. Mume amefariki, naye amerudi kwa kaka yake. Nikamwomba barua ya uhamisho na cheti cha kuzaliwa. Hakuwa navyo.

"Mwalimu," akasema, "mtoto huyu ni wenu. Mjomba wake ndiye yule aliye juu ya paa."

Kweli, nje kaka yake alikuwa akitengeneza paa la darasa letu, kwa kujitolea. Nikamjibu kwamba kanuni ni kanuni, akatafute karatasi. Chuoni tulifundishwa kutunza daftari la mahudhurio kama mboni ya jicho, nami nililitunza. Yule mama alinishukuru, akamshika mtoto mkono. Hawakurudi tena.

Miaka ikapita. Siku moja yule mjomba, macho yakiwa yamefifia, aliniletea barua nimsomee. Ilitoka ng'ambo, kwa mpwa wake, ambaye sasa alikuwa mvuvi. Mwishoni palikuwa na maneno haya: aliyeandika ni rafiki yangu, maana mimi sijui. Nilisoma mpaka hapo, nikanyamaza. Mzee akaniuliza kama imekwisha. Nikasema imekwisha.

Siku hizi lami inafika Kasanga, na kijana wa Sumbawanga hufika ziwani bila kuchoka. Nami nikienda hukaa karibu na gati nikitazama watu wanavyovuka. Msomaji, wengi wetu tumewahi kukabidhiwa mlango fulani, hata kama ni meza tu na daftari. Mimi mtoto alivuka ziwa salama, akaja kukwama mezani kwangu.